Neno phenolphthalein: silabi zake ni ngapi, na ile ph ya katikati hutamkwa?

Mwalimu wa Maabara

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na kila tunapofika kwenye mazoezi ya asidi na besi hurudi swali ambalo vitabu vyetu vya kiada havilijibu. Linahusu jina la kile kiashiria tunachodondosha matone mawili au matatu kwenye chupa kabla ya kufungua bureti (lile bomba refu lenye alama za vipimo), yaani phenolphthalein. Kazi yake wanafunzi wanaijua vizuri: wanajua kwamba hakina rangi kwenye asidi wala kwenye maji safi, kwamba huanza kuwa cha waridi pH inapofika 8.2 hivi, na kwamba ndicho kinachofaa pale asidi dhaifu inapokutana na besi kali. Kinachowashinda ni kulitamka jina na kuliandika. Wengi hukimbilia kifupi cha POP na kuishia hapo, na anapotakiwa mtu kulisoma kwa sauti mbele ya wenzake hulitafuna katikati akatoka na kitu kama fenotalini, au hulisoma kwa herufi za Kiswahili akasema pe-nol-pi-ta-le-in.

Siwalaumu. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza, ana haki ya kuzishangaa herufi tano za konsonanti zinazofuatana tangu l hadi h bila irabu hata moja ya kuzigawa. Nimejaribu kujifunza kwa kusikiliza mihadhara ya mtandaoni, lakini wahadhiri wenyewe hawakubaliani: yupo anayeisikilizisha f waziwazi, yupo anayeiruka kabisa, na Mjerumani mmoja aliligeuza neno zima, mkazo akaupeleka mwisho kabisa.

Ninaomba msaada wa wenye kujua. Neno hili lina silabi nne au tano? Ile ph ya pili husikika kama f, kama p, au haisikiki? Mkazo uko wapi? Na mwanafunzi akifika mwisho wa mstari kwenye daftari, alikate wapi?

Msomi wa Fonolojia

Mwalimu, hongera kwa kulichukulia jambo hili kwa uzito. Nitaanza na hesabu ya herufi, kwa sababu ndiyo inayowatisha wanafunzi. Kati ya o na a kuna l, p, h, t na h, yaani herufi tano, lakini sauti ni tatu tu, kwa kuwa ph husimama badala ya f, na th ni sauti ileile tunayoitamka katika thamani na thelathini. Waandikie ubaoni l, f, th, nao wataona kwamba zote tatu wanazo tayari katika Kiswahili. Ugumu uliobaki ni kwamba zimefuatana bila irabu kati yake, jambo ambalo lugha yetu hailipendi.

Sasa silabi. Katika Kiingereza cha leo matamshi yaliyoenea yana silabi nne. Kwa tahajia ya Kiswahili ningeyaandika fi-nolf-THA-lin, ambapo irabu ya kwanza na ya mwisho ni i ndefu, na herufi kubwa zinaonyesha mkazo mkuu. Silabi ya kwanza nayo ina mkazo, ila ni hafifu zaidi. Irabu ya silabi yenye mkazo mkuu hutofautiana: wengine huitamka kama ile iliyo katika neno la Kiingereza cat, wengine kama iliyo katika day, na zote mbili zimo katika kamusi. Silabi ya tano huzaliwa pale mtu anapolitenganisha lile -ein la mwisho kuwa e na in. Nayo haina kosa, kwani kamusi za Kimarekani huiorodhesha pamoja na nyenzake, ingawa mwelekeo wa Kiingereza kwa muda mrefu umekuwa wa kuliunganisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa protein, ambayo zamani ilitamkwa kwa silabi tatu na siku hizi hutamkwa kwa mbili.

Utaona kwamba f nimeiweka mwisho wa silabi ya pili, nolf, sikuiweka mwanzo wa silabi ya tatu. Kiingereza, kama lugha nyingine zote, kina kanuni zake za sauti zinazoweza kufungua silabi. Neno laweza kuanza kwa fl, kama fly, au kwa fr, kama free, lakini hakuna neno la asili la Kiingereza linaloanza kwa f ikifuatwa na th. Kwa hiyo msemaji anapokutana na l, f, th mfululizo, huiachia th ifungue silabi inayofuata, na f huirudisha nyuma ikaegemee ile l. Jambo hili linawezekana kwa sababu Kiingereza kinaruhusu lf kufunga silabi, kama katika golf na self. Kwa darasani, mwanafunzi aseme golf, aishikilie f bila kukata pumzi, kisha aingie kwenye tha. Meno ya juu yanakuwa yamegusa mdomo wa chini. Mdomo unaachia, na papo hapo ncha ya ulimi inachukua nafasi kwenye meno. Hewa haikomi hata kidogo, kwa sababu f na th zote ni vikwamizi, yaani sauti ambazo hewa hupenya mahali finyu bila kuzuiwa kabisa. Wanaoshindwa ni wale wanaoifunga midomo, na midomo ikifungwa sauti inayotoka ni p, si f.

Kuhusu kuisikilizisha au kuiruka f, nakuomba utazame neno ambalo kila mwanafunzi wako analijua: twelfth, la kumi na mbili. Humo mna l, f na th kwa mfuatano uleule. Waingereza wengi hutamka zote tatu, na wengi vilevile huiacha f wakasema kana kwamba imeandikwa twelth, bila yeyote kuwasuta. Phenolphthalein imepatwa na jambo hilohilo. Kamusi za Uingereza kwa kawaida huiweka f hiyo kwenye mabano, maana yake usemaji wote wawili unakubalika, na Wamarekani wengi hawaitamki kabisa. Wao husema fi-nol-THA-lin, na hata nol huidhoofisha hadi irabu yake inakaribia kupotea.

Jambo la mwisho ni mkazo, na hapa Mswahili ana bahati. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika matamshi ya silabi nne mkazo mkuu wa Kiingereza unaangukia hapohapo, kwenye tha. Waambie wanafunzi waseme mithali, kisha waongeze n mwishoni bila kuongeza irabu yoyote: mi-THA-lin. Baada ya hapo waiondoe mi na kutia fi-nol au fi-nolf. Mwanafunzi akiongeza i mwishoni, kama tulivyozoea kuyafanyia maneno ya kigeni, mkazo utahama wenyewe hadi kwenye li, na msikilizaji wa Kiingereza atapata taabu kulitambua neno hata kama konsonanti zote ziko sawa. Ningewekea nguvu zaidi hapo kuliko kwenye f.

Mkemia Mstaafu

Nimefurahi kuliona swali hili. Naomba niongeze historia yake, kwa maana bila historia hiyo ile f itaonekana kama uonevu wa tahajia tu, na kumbe ina sababu.

Mwaka 1821 John Kidd wa Uingereza aliandika juu ya kitu cheupe chenye umbo la fuwele alichokipata kwenye lami ya makaa ya mawe, akakiita naphthaline kutokana na naphtha, jina la kale la mafuta yanayowaka, ambalo Waarabu nao wanalo kama naft. Ni ile naftalini inayotengenezewa vidonge vya kufukuza nondo kwenye makabati ya nguo. Mwaka 1836 Mfaransa Auguste Laurent aliichukua naftalini iliyounganishwa na klorini, akaioksidisha na kupata asidi mpya. Alidhani asidi hiyo bado imebeba kiunzi kizima cha naftalini, na kwa hiyo akaipa jina la asidi ya naphthalic. Baadaye mkemia wa Uswisi, Jean Charles Galissard de Marignac, alionyesha kwamba fomula yake si ile iliyodhaniwa. Laurent akalipunguza jina: aliondoa herufi mbili za mwanzo, na, zikabaki phthalic.

Mwalimu, hebu tazama kwa makini mkato huo ulipita wapi. Katika naphthalene silabi ya kwanza ni naf, na f ndiyo inayoifunga. Mtu angekata kwa kufuata silabi, angeondoa naf na kubakiza thalic, nasi leo tungekuwa tunaandika thalic na phenolthalein bila tabu yoyote. Laurent hakufuata silabi. Alikata katikati ya silabi, akaichukua na na kuiacha f upande wa pili, haina irabu ya kuegemea kushoto kwake. Ndiyo maana asidi ya phthalic kwa Kiingereza husemwa THA-lik na wengi, kwa sababu mwanzoni mwa neno f hiyo haina pa kukaa. Vivyo hivyo kwa phthalates, vile vilainishi vya plastiki vinavyotajwa sana siku hizi katika habari za afya, na kwa rangi za buluu na kijani zinazotengenezwa kwa phthalocyanine, ambazo wachoraji wa Marekani huziita thalo kwa ufupi.

Nusu ya kwanza ya jina nayo inarudi kwa Laurent huyohuyo. Benzini ilikuwa imepatikana na Michael Faraday mwaka 1825 kwenye masalia ya mafuta ya gesi ya taa, na Laurent akapendekeza iitwe phène, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kung'aa, kwa sababu gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa za mijini. Jina hilo halikushika kwa benzini, lakini lilibaki katika phenol na phenyl.

Ikaja mwaka 1871. Mjerumani Adolf von Baeyer aliunganisha phenol na anhidridi ya phthalic, yaani asidi ileile ya phthalic iliyoondolewa maji, molekuli mbili za phenol kwa moja ya anhidridi, na alichokipata akakiita kwa kuambatanisha majina ya wazazi wake wawili: phenol, phthal, na kiambishi tamati -ein. Kwa hiyo yule Mjerumani uliyemsikia hakuligeuza neno. Alilitamka kama lilivyozaliwa. Kwa Kijerumani ni silabi tano, fe-nol-fta-le-IN, th husomwa t ya kawaida, na mkazo huangukia in ya mwisho. Mwaka huohuo wa 1871 Baeyer alitumia anhidridi ileile pamoja na resorcinol akapata fluorescein, ambayo nayo Kiingereza kimeipunguza silabi ya mwisho kwa mtindo uleule. Baeyer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1905.

Mimi darasani nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi maneno mawili, moja chini ya lingine, naphthalene juu na phenolphthalein chini, nikazipanga herufi ili phthal ya juu ikae sawasawa juu ya phthal ya chini. Wakishaona hivyo, hawaisahau tena h ya kwanza.

Mhariri wa Vitabu

Nijibu lile la mwisho wa mstari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kata baada ya l: phenol-, kisha phthalein kwenye mstari unaofuata. Ni mpaka wa mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, na msomaji anayeona phenol mwishoni mwa mstari anakuwa ameshapata nusu ya maana kabla jicho halijashuka. Mkato mwingine unaovumilika, nafasi ikibana sana, ni phenolphtha- na lein. Phenolph- na thalein usikubali, hata kama mwenzetu wa fonolojia ameonyesha kwa haki kabisa kwamba sikio linakata hapo. Jicho likiiona phenolph- mwishoni mwa mstari halina linachoweza kukitabiri, na mkono unaoandika hivyo mara mbili tatu utazoea kuitenga ph na th, na baada ya muda utaanza kuidondosha moja. Kibaya kuliko vyote ni kuzikata p na h zenyewe, au t na h, kwa sababu hapo unapasua sauti moja vipande viwili.

Mapokeo ya uchapaji katika Kiingereza yenyewe hayakuwa na sauti moja juu ya hili. Waingereza kwa muda mrefu waliegemea asili ya neno, na Wamarekani waliegemea matamshi. Mfano mzuri ni helicopter. Neno hilo lilitungwa kwa Kifaransa mwaka 1861 na Gustave Ponton d'Amécourt kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kitu kilichojipinda kama parafujo na jingine, pteron, la bawa. Mpaka wa mofimu uko kati ya o na p, yaani helico na pter. Lakini hakuna mtu anayetamka hivyo. Kila mmoja husema he-li-kop-ter, p ikiwa imerudi nyuma kufunga silabi, kwa sababu ileile iliyoirudisha f yetu. Na p hiyohiyo ikikaa mwanzoni, kama katika pterodactyl, inapotea kabisa kinywani na kubaki kwenye karatasi.

Kuhusu makosa ya tahajia, ninayokutana nayo kwenye miswada ni yale ya h iliyopotea: phenolpthalein. Aina hiyohiyo ya kosa nimeiona katika diphtheria, ugonjwa wa dondakoo, katika diphthong, na katika ophthalmology, utaalamu wa macho. Chanzo chake ni matamshi, kwa kuwa Waingereza na Wamarekani wengi huitamka ph iliyo mbele ya th kama p: dipthiria, dipthong. Matamshi hayo kamusi zinayakubali; tahajia ya namna hiyo haikubaliki popote.

Mzaliwa wa Lamu

Naongeza dogo tu kuhusu hizo h. Katika Kigiriki cha kale herufi iliyoandikwa ph na Warumi haikuwa f. Ilikuwa p inayotoka na mvumo wa pumzi, na th ilikuwa t yenye mvumo kama huo. Warumi waliandika p na h kwa sababu ndivyo walivyosikia. Ni baadaye, Kigiriki kilipobadilika, ndipo sauti hizo zikawa f na th tunazozijua.

Msemaji wa Kiamu au wa Kimvita haoni ajabu hapo. Kwetu paa la nyumba hutamkwa kwa p kavu, na paa mnyama wa porini kwa p yenye mvumo, na mtoto anazitofautisha kabla hajaanza shule, ingawa tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo. Kwa hiyo mwalimu ukiwa na mwanafunzi wa pwani ya kaskazini, mwambie kwamba phth ya kale ilikuwa p ya paa mnyama ikifuatwa na t ya namna hiyohiyo, naye ataelewa mara moja kwa nini kuna h mbili.

Mwalimu wa Maabara

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Maelezo ya Laurent kukata katikati ya silabi yamenifungua macho, nami nitayapeleka darasani kama yalivyo.

Yamebaki mawili. La kwanza ni la kupima: mwanafunzi akisema fi-nol-THA-lin bila f, nimhesabu amesema sahihi, au nimrudishe? La pili ni la Kiswahili chetu. Ninapowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa Kiswahili, ninalazimika kulitia neno hili katika sentensi, na sijui niliandike fenolfthalini, fenolftalini au fenolthaleini.

Msomi wa Fonolojia

La kwanza halina shaka kwangu: amesema sahihi. Huwezi kumrudisha mtoto kwa matamshi ambayo kamusi zinayaweka na wanakemia wa nchi nzima wanayatumia kila siku. Mrudishe akisema s mahali pa th. Kwa wasemaji wengi wa bara thamani na samani huwa kitu kimoja kinywani, na tabia hiyo huingia nayo kwenye Kiingereza, wakasema fi-nol-SA-lin. Hapo neno limebadilika kweli.

La pili lina utamu wake. Kiswahili kimeshakutana na f iliyobanana na konsonanti mara nyingi, na kimetumia njia mbili. Njia ya kwanza ni kuivumilia silabi funge, kama katika daftari, daf-ta-ri, na nafsi, naf-si. Njia ya pili ni kupenyeza irabu. Waarabu wana lafẓ, f na ẓ zikiwa zimegusana, nasi tumeifanya lafudhi, la-fu-dhi, kama tulivyoifanya waqt kuwa wakati. Kikwamizi cha midomo na meno kikifuatwa mara moja na kikwamizi cha ulimi na meno, Mswahili amechagua kukitenganisha kwa u. Kwa hiyo ukilifuata sikio la Kiswahili hadi mwisho utapata fenolifuthalini, neno ambalo linatamkika bila taabu ila ni refu mno, na msomaji hataliunganisha tena na lile la Kiingereza lililo kwenye karatasi ya mtihani.

Ningechagua fenolfthalini. Inazihifadhi sauti zote tatu kwa mpangilio wake, na mwanafunzi akitoka hapo kwenda kwenye Kiingereza atabadilisha herufi tu. Mwishoni nimechagua -ini badala ya -eini kwa kufuata protini. Najua kafeini imekwenda njia nyingine na imeshakubalika, hivyo atakayeandika fenolfthaleini sitambishia.

Mkemia Mstaafu

Mimi nina maoni tofauti kidogo juu ya hilo la kwanza. Nakubali kwamba kuiacha f si kosa. Lakini mwanafunzi wetu ana mzigo ambao Mmarekani hana: lazima aliandike neno hili sahihi katika lugha isiyo yake, chini ya saa ya mtihani. Akizoea kuitamka f, mkono wake utakumbuka kwamba kuna ph mahali pale. Asipoitamka, atabaki na kumbukumbu ya macho peke yake. Kwa hiyo ningewafundisha wote kwa f kwanza, fi-nolf-THA-lin, taratibu, na baadaye wakiidondosha wenyewe wanapozungumza haraka ningewaacha. Asiyetamka f nisingempunguzia alama, ila nisingeanzia hapo.

Kwa tahajia ya Kiswahili ningependa fenolftalini. Tumeshaandika naftalini kwa t, na maneno haya mawili ni ndugu wa damu. Si vizuri mmoja awe na th na mwingine t. Wajerumani husema ft na Wafaransa huandika phtaléine bila h ya pili, kwa hiyo hatutakuwa peke yetu.

Msomi wa Fonolojia

Hoja ya naftalini ina nguvu, nami nakubali kwamba undugu wa maneno hayo mawili ni jambo la kulindwa. Ninachohofia ni kwamba wanafunzi wa Mwalimu wanatoka kwenye Kiswahili kwenda kwenye Kiingereza, si kwenye Kijerumani wala Kifaransa, na t hiyo wataibeba hadi kwenye Kiingereza, ambako haipo. Lakini Mwalimu akiandika fenolftalini ubaoni na chini yake naftalini, kisha juu yake phenolphthalein, sitamwona amekosea.

Mhariri wa Vitabu

Ushauri wangu wa kiuhariri ni kwamba umbo lolote utakalochagua ulitumie hilohilo mwaka mzima, kwenye vidokezo, kwenye lebo za chupa na kwenye maswali ya majaribio. Ukiwa na fenolfthalini Jumatatu na fenolftalini Alhamisi, wanafunzi watadhani ni viashiria viwili. Kwenye lebo andika la Kiingereza kwa ukamilifu, na kama lebo ni nyembamba na neno halitoshi mstari mmoja, phenol- iwe juu, phthalein chini.

Na kama kwenye kabati lenu mna chupa ya anhidridi ya phthalic, iwekeni jirani na hiyo ya kiashiria, lebo zote mbili zikitazama mbele. Ile ya kwanza wataisoma THA-lik, bila f, na ya pili wataisoma fi-nolf-THA-lin, nao wenyewe watauliza kwa nini f ipo kwa mmoja na haipo kwa mwingine.